Sayari ya Kaka Yangu Haina Asubuhi

Watu wengi wanaobuni sayari kwa ajili ya hadithi hukosea mahali pamoja: wanadhani sayari inayokalika ni sayari isiyo na kasoro. Hubuni, hukagua, hukuta tundu, hubomoa, na kabla mtu wa kwanza hajatia mguu pale wamekwisha kuanza nyingine. Barua ya leo imetoka kwa msomaji aliyeko Reynoldsburg, mashariki ya Columbus. Nimeiacha kama alivyoiandika, kwa pumzi zake ndefu.

*

Mwalimu Kizito, shikamoo,

Nakuandikia kwa sababu nimekwama na sina mtu mwingine ambaye hatanicheka, maana nikiwaambia wenzangu kazini kwamba sipati usingizi kwa ajili ya sayari ambayo haipo watadhani nimechanganyikiwa, na labda nimechanganyikiwa kweli. Naitwa Anitha, ni Mtanzania, nimekulia Sengerema, kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee majumbani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi za Kiswahili, mbili tatu zilitoka katika gazeti hili hili. Nina kaka mmoja, Venance, ndiye pekee niliyebaki naye wa tumbo la mama yetu, anaishi Buffalo, kule East Side, na mke wake Marita. Venance ana saratani ya kongosho, na madaktari walishaacha kuitibu, sasa wanatuliza maumivu tu, muuguzi anakuja nyumbani na kitanda kimehamishiwa sebuleni karibu na dirisha.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona majani ya miti yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kugeuka rangi, na siku hiyo watu wa maombi walikuwa wametoka tu, bado viti viko katikati ya chumba, akaniambia, "Anitha, hawa ndugu wananipenda, lakini kila anayekuja ananiletea mji wa dhahabu. Dhahabu nikaifanyie nini? Mimi chuma nimekishika kiwandani mpaka basi. Wewe si unaandika hadithi? Nitafutie mahali ambapo mtu angeweza kuchota maji." Nikasema nitakuandikia, kaka. Akanishika mkono akasema, "Lakini usiniongopee. Nataka sayari ambayo ingeweza kuwepo kweli. Mtu wa sayansi akiisoma asicheke." Mwalimu, Venance alipenda fizikia kuliko chakula, ndiye aliyenionyesha nikiwa mtoto, kwa chungwa na tochi, kwa nini mwezi unatugeuzia uso mmoja tu siku zote, na maisha yakampeleka kwenye zamu ya usiku kiwandani, miaka yote hiyo, hata husema Buffalo ameishi lakini mchana wake haujui.

Basi nikaanza, nikasoma kila nilichoweza kusoma, na nikibaki peke yangu na bibi ninayemhudumia akiwa amesinzia mbele ya televisheni mimi napiga hesabu za mizunguko kwenye simu. Sayari ya kwanza niliifanya ndogo, ili uzito uwe mdogo, kwa sababu siku hizi kunyanyua kikombe tu kunamchosha na nilitaka kule anyanyuke mwenyewe, nikaja kusoma kwamba sayari ndogo namna ile haiwezi kushika hewa yake, inavuja kidogo kidogo mpaka yanabaki mawe na vumbi kama Mirihi, nikaifuta. Ya pili nikaipa majua mawili ili isijue baridi wala giza, lakini kwa jinsi nilivyoyapanga yangeivuta huku na huku mpaka yaitupe nje kabisa, nikaifuta. Ya tatu nikaiweka kwenye nyota nyekundu ndogo, zile zinazowaka polepole, kwa sababu nilisoma kwamba zitadumu mara nyingi zaidi ya jua letu na mimi nilitaka mahali pasipozimika mapema. Hii niliipenda sana. Sayari ya namna hiyo huikaribia nyota yake mno ili ipate joto, na kwa kuikaribia hufungwa, ikawa inaigeuzia uso mmoja siku zote, sawasawa na lile chungwa letu, upande mmoja mchana daima na upande mwingine usiku daima, nikasema hii Venance ataitambua.

Nikampigia nimsomee ukurasa wa kwanza. Marita ndiye aliyeshika simu na sauti akaifungulia wote wasikie, pamoja na jirani yao Bagula, Mkongo wa Uvira, ambaye alikuwa amekuja kumnyoa kaka ndevu. Nikasoma: "Saa moja asubuhi, jua lilipochomoza, mwanamke mmoja alitoka kwenda kuchota maji." Sikufika mbali. Venance akasema, "Simama hapo hapo, mwandishi. Saa moja ya wapi? Si umesema jua lako halisogei?" Nikamsikia Bagula, "Bon, donc kule jua haitembeake? Sasa bantu banakunywaka chai saa ngapi?" Na Venance akajibu, "Hawanywi, Bagula, wanaingoja asubuhi mpaka leo!" Wakacheka wote, kaka akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamsikia Marita anasema, "Wifi, ngoja kwanza apumzike," simu ikakatika. Mimi nilikuwa kwenye gari nje ya nyumba ya yule bibi, nikalia kama mtoto, nikafuta kila kitu.

Tangu hapo sijaandika neno. Nimebuni nyingine na nyingine, na kila moja nikiikagua naikuta na ugonjwa wake, hii hewa yake itaganda, hii nyota yake inalipuka miale ya kuunguza, hii haina mwezi, na hii niliyo nayo sasa nashindwa hata kujua kosa lake liko wapi lakini najua lipo. Niliahidi nitakwenda Buffalo nikiwa nayo mkononi, imekamilika, na Marita kila akipiga ananiuliza, "Wifi, unakuja lini?" nami namjibu bado kidogo, narekebisha hewa. Jana ameniambia Venance sasa analala muda mrefu kuliko anaokuwa macho. Habari ya sayari hajaiuliza tena.

Mwalimu, wewe umefundisha sayansi. Nakusihi uniambie sayari ipi ni sahihi, niichukue hiyo, kwa sababu nikimpelekea yenye kosa na mimi nitakuwa nimempelekea mji wa dhahabu, na hilo ndilo jambo moja tu alilonikataza.

Anitha, Reynoldsburg

*

Anitha, marahaba.

Nimemwomba mhariri akutumie jibu hili leo hii, lisingoje kuchapwa, kwa sababu kaka yako hawezi kungoja toleo la Jumamosi. Nami nitakuwa mkali kidogo. Uniwie radhi, huku Louisville wananijua hivyo.

Umeuliza swali la sayansi, nalo nitalijibu. Chukua kwanza sayari hii tuliyo nayo uipeleke kwenye mtihani wako. Sehemu kubwa ya uso wake ni maji, na karibu maji yote hayo ni ya chumvi, hayanyweki. Ncha zake mbili ni barafu. Ardhi yake hupasuka na milima yake hutapika moto. Tena imeinama upande kama mtu mwenye mzigo begani, na kwa kuinama huko miezi kadhaa kwa mwaka jua linaisahau Buffalo. Ungeifuta hii siku ya kwanza. Na bado Sengerema mtu amechota maji leo asubuhi. Sayari inayokalika haidaiwi zaidi ya hapo: maji yabaki maji mahali fulani, na hewa isikimbie. Mengine ni shida, na shida ndiyo maisha ya watu wa hadithi yako.

Sasa tazama ulizozifuta. Ile ndogo hukuhitaji kuifuta. Ungeongeza ukubwa, uzito ukapungua sehemu moja ya tano tu kuliko wa hapa. Hewa ingebaki, na mtu angenyanyuka kwa wepesi kidogo. Majua mawili yanawezekana kabisa, yakikaa karibu karibu yenyewe na sayari ikayazunguka yote mawili kwa mbali. Nyota nyekundu hulipuka sana ujanani, kweli, kwa hiyo chagua iliyozeeka ikatulia. Hewa ikiwa nyepesi itaganda upande wa usiku, kwa hiyo ifanye nzito, ichukue joto la mchana ilipeleke nyuma. Je, kuna hakika? Hakuna. Wataalamu wenyewe wanabishana juu ya sayari za namna hiyo, wala hakuna aliyewahi kusimama juu ya mojawapo. Mtu wa sayansi akiisoma yako hatacheka. Atavuta kiti abishane nawe, na hiyo ndiyo heshima kubwa wanayoijua.

Unaona? Kila moja ilihitaji sentensi moja ya kuitengeneza, na wewe una akili ya kuiandika sentensi hiyo. Kwa nini basi ulizifuta?

Nitakuambia nilichokisoma katika barua yako. Uzito uliupunguza kwa sababu kikombe kinamlemea. Baridi na giza uliviondoa kwa sababu ameviishi kiwandani. Nyota uliitafuta isiyozimika. Ulikuwa unatafuta dawa, Anitha, ukaiita sayari. Na kila ulipoikagua ukaona haiponyi, uliibomoa, ukasema hewa ina kosa. Hewa haina kosa. Kaka yako atakufa. Sitakupambia maneno, maana naye aliomba asiongopewe. Atakufa, na sayari unayoitafuta, ile ambayo akiisikia atabaki, haipo kwenye nyota yoyote, nyekundu wala nyeupe.

Na kuna jingine hukuliandika lakini limo. Sayari ikikamilika itabidi uende Buffalo. Ukienda utamwona kitandani sebuleni. Isipokamilika, unabaki Reynoldsburg, na yeye katika kichwa chako bado ni yule wa majani yanapogeuka rangi. Nakuhurumia kwa hilo. Lakini "narekebisha hewa"! Neno hilo umemwambia mwanamke anayemgeuza mumewe ubavu kwa ubavu asipate vidonda, ambaye anachokuomba ni mtu mmoja wa kupokezana naye. Nimefundisha watoto wavivu wengi. Udhuru wa namna hiyo sijapata kuusikia. Ijumaa ukitoka kazini uwe njiani kwenda Buffalo, na kama Ijumaa una zamu, iombee ruhusa. Wala usiwadharau wenye mji wa dhahabu, nami ni mmoja wao. Wanampelekea walicho nacho. Wewe unacho chako, umekikalia.

Sasa tuje kwenye kosa lako la asubuhi, kwa sababu nalo nimelipenda. Mwenyeji wa nchi hii hawezi kulifanya kosa lile. Saa yake huanza usiku wa manane na wala haimwangalii jua, kwa hiyo angeandika "saa moja" kwenye sayari yoyote asishtuke. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta saa yetu huanza jua linapochomoza, na kwa kuwa kwetu huchomoza wakati ule ule mwaka mzima, tumesahau kabisa kwamba tunalihesabu jua. Mimi mwenyewe Desemba husimama dirishani hapa Louisville nikasema ni saa moja asubuhi, na nje ni giza tupu. Tumelibeba jua la nyumbani ndani ya lugha. Wewe umelichukua lile la Sengerema ukalitundika kwenye nyota isiyosogea, na Venance, ambaye chungwa lile lilikuwa lake, akalikamata papo hapo. Ukasikia umeshindwa. Mimi nilipoisoma ile simu niliona vingine: mgonjwa anayechoshwa na kikombe ameuliza swali la fizikia, ametoa mzaha, na jirani aliyeshika wembe ameingia kwenye sayari yako akaulizia chai. Hao ndio wakazi wako wa kwanza. Nawe ukawakatia ardhi chini ya miguu.

Hebu shika tena lile chungwa. Jua likiwa halisogei, saa nayo haipiti. Inakaa. Pale ambapo jua liko utosini ni saa sita mchana, ilikuwa saa sita jana na itakuwa saa sita siku ya mjukuu wa mjukuu. Toka hapo utembee kuelekea upande ambao jua utaliacha nyuma ya kisogo: utafika nchi ya saa nane, kisha nchi ya saa kumi ambako vivuli ni virefu, kisha ile ya saa kumi na mbili jioni ambako jua limeegemea ukingo wa ardhi na halizami. Rudi, ushike upande wa pili: utapita saa nne, saa mbili, mpaka ile saa moja yako, jua limepanda kidogo tu juu ya upeo, na hapo limesimama. Nyuma kabisa ni saa sita usiku, na kule ni barafu. Barafu ile ikijaa husukumana yenyewe hadi kwenye ukingo wa mwanga, inayeyuka, na maji yake yanaingia nchi ya asubuhi. Kule, Anitha, saa ni mahali. Mtu akikuuliza unakaa wapi, unamtajia saa.

Kwa hiyo sentensi yako inasimama. Futa maneno mawili tu, "jua lilipochomoza", uache yaliyobaki kama yalivyo. Mwanamke anatoka kwenda kuchota maji saa moja asubuhi kwa sababu ndiko kwao, amezaliwa hapo, na mto unapita hapo. Na Bagula mjibu kwamba watu wanakunywa chai wakisikia kiu, na wenye saa moja husifiwa kwa chai yao mpaka kwa wale wa saa kumi. Sina haja ya kukueleza sayari hiyo inawapa watu wake safari za namna gani. Nitataja moja. Dada anayekaa saa tisa, akisikia kaka yake aliye saa kumi na mbili jioni anaumwa, hawezi kungoja jioni imfikie kwake. Haiji. Inambidi aifuate kwa miguu yake.

Kaka yako amefanya kazi usiku maisha yake yote ya Buffalo. Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuchagua saa. Wewe unaweza kumpa hiyo moja, na haihitaji hesabu wala hewa iliyorekebishwa, wala haimwongopei. Usimsomee. Mwache yeye ajenge, wewe uandike nyuma yake, akisema nyumba ielekee mtoni, ielekee mtoni, akikubishia, mbishie. Akisinzia kabla hajajibu, usikate simu, mwambie Marita aiache kando ya kichwa chake kitandani, umsikilize anavyopumua mpaka aamke. Na kama jibu halitakuja, utakuwa umeuliza, na swali lile lilikuwa la kweli.

Mpigie Venance leo, kabla hujaingia kazini, umwulize angependa kukaa saa ngapi.